Kabla Utupe Godoro: Venye Unaweza Piga Mdudu wa Keja Picha Ujue Kama ni Kunguni Kweli

Wacha nianze na aibu yangu. Godoro yangu ya kwanza nilitupa bure. Mathe alikuwa ameninunulia na doo ya chama siku ile nilihama home, ile ngumu ya inchi sita yenye watu husema inakaa miaka kumi. Kwangu haikumaliza hata mwaka.

Stori iko hivi. Nilikuwa naishi bedsita Zimmerman, ghorofa ya tatu. Wiki moja nikaanza kuamka na vipele kwa mikono na shingo. Usiku mmoja nikawasha tochi ya simu ghafla, nikaona kadudu kadogo ka kahawia kanahepa kando ya godoro. Nikapiga picha mbio mbio, mkono ukitetemeka. Ikatoka tu doa la kahawia kwa shuka, kama tone la chai. Nikatupia mabeshte kwa grupu ya WhatsApp. Ndani ya dakika tano nikapata majibu saba. "Kunguni hao, buda." "Choma hiyo godoro." "Usikam kwangu."

Nikaamini. Nikanunua dawa mara mbili, nikapuliza mpaka nikalala na macho yakiwasha, alafu usiku nikabeba godoro nikaiacha kando ya pipa la takataka. Mwezi mmoja na nusu nikalala kwa mkeka. Na vipele vikaendelea.

Siku moja beshte yangu fundi wa simu akaniazima kalenzi kadogo ka kubana juu ya kamera. Nikanasa kale kadudu tena, saa hii karibu na jiko, nikakapiga picha polepole. Nikazumu. Kilikuwa na ndevu refu kupita mwili wake na vimkia viwili nyuma. Msee, huyo alikuwa mtoto wa mende. Hajawahi niuma hata siku moja, alikuwa anatafuta makombo ya chapo. Vipele vilikuwa vya mbu, na dirisha langu halikuwa na wavu.

Picha moja safi ingeokoa godoro ya mathe. Ndio maana naandika hii kitu. Haitaji kamera ya laki, ni simu yako tu na dakika kumi za subira.

Kwa nini picha, si macho tu

Wadudu wengi wa keja hawafiki sentimita moja, wanatembea usiku na wanahepa mwanga. Macho yanakupea sekunde mbili, na hizo sekunde mbili ziko na uoga ndani. Ukiogopa, kila kitu cha kahawia ni kunguni.

Hata watu wa Ulaya wanashikwa na hii. Mwaka wa 2023 Paris ilijaa video za simu, watu wakisema wameona kunguni kwa treni na metro. Serikali ikaita kampuni za usafiri kwa mkutano. Ripoti zenye watu walikuwa wamepeleka zikakaguliwa, na waziri wa usafiri akasema hakuna hata kesi moja ilithibitishwa kwa hizo treni. Kunguni wako Ufaransa, hiyo si uongo. Lakini video ya kutetemeka haikuwa inathibitisha kitu, ilikuwa inasambaza tu uoga.

Picha safi inafanya vitu tatu. Inamsimamisha mdudu ndio uhesabu miguu, ucheki ndevu na umbo. Inakuwezesha kuuliza mtu anajua. Na inabaki na tarehe, kitu yenye utaona umuhimu wake tukifika kwa lando.

Vitu unahitaji (zingine uko nazo)

Simu yoyote ya kawaida yenye kamera poa. Simu ya pili ya tochi, hata kama ni ya jirani. Karatasi nyeupe. Rula. Selotepu ya kuonekana ndani. Chupa ama kikombe cha plastiki chenye unaona ndani. Tishu moja.

Ukiwa na doo kidogo, ongeza lenzi ya kubana, ile ya makro. Tao zinauzwa kwa vibanda vya vifaa vya simu na bei haiumi. Hiyo tu. Mtu asikuambie ununue taa ya studio ndio upige mende picha.

Shida ni tatu: umbali, fokasi, mwanga

Ya kwanza ni umbali. Watu wengi husukuma simu karibu na mdudu mpaka inakaribia kumgusa, alafu wanashangaa mbona ni ukungu. Lenzi kubwa ya simu nyingi haiwezi kufokasi kitu kiko karibu kupita kama sentimita nane ama kumi. Kwa hivyo rudi nyuma kidogo, zumu mara mbili, piga, alafu ukate picha baadaye. Ile lenzi ya "makro" ya megapikseli 2 yenye wanaweka kwa simu za bei ya kati inasaidia ukiwa na mwanga mwingi, lakini mara nyingi kamera kubwa ukiizumu itakupea picha safi kuishinda. Jaribu zote mbili na mbegu ya ufuta kabla ya kuenda kwa mdudu mwenyewe.

Ukitumia lenzi ya kubana, mambo yanageuka. Hiyo sasa inataka uende karibu kabisa, sentimita mbili tatu hivi. Usigusegusе skrini kila saa kutafuta fokasi. Gusa mara moja, shikilia mpaka ifunge, alafu songesha simu yenyewe mbele na nyuma polepole mpaka macho ya mdudu yawe safi.

Ya pili ni fokasi yenyewe. Ukikaribia kitu kidogo, sehemu yenye inaonekana vizuri inakuwa nyembamba kama karatasi. Kichwa kikiwa safi, matako ni ukungu. Si simu yako ni mbovu, lenzi zote ziko hivyo. Kuna mpiga picha wa Uingereza anaitwa Levon Biss mwenye hupiga wadudu wa makumbusho ya chuo cha Oxford. Picha yake moja ya mdudu mmoja anaijenga kutoka kwa picha karibu 8,000, kila moja na kipande chake kiko safi, alafu anaziunganisha. Wewe huna hiyo time. Dawa yako ni kumpiga mdudu akiwa sambamba na simu: kutoka juu kabisa ndio mgongo wote uwe kwa umbali mmoja, ama kutoka kando kabisa. Ukimpiga kimshazari, utapata mguu mmoja safi na mengine ukungu.

Piga nyingi. Shikilia kitufe picha kumi zitoke mfululizo, utachagua moja. Weka viwiko juu ya meza, shika pumzi, ama tumia taima ya sekunde tatu ndio kidole chako kisitikise simu.

Ya tatu ni mwanga, na hapa ndio watu wengi wanaanguka. Flashi ya simu inapiga mgongo wa mende unang'aa kama gari imetoka kaawash, na mistari yote inapotea. Zima flashi. Washa tochi ya simu ya pili, iweke kando, si juu, alafu weka tishu mbele yake. Tishu inatawanya mwanga unakuwa laini, na kivuli cha kando kinakuonyesha umbo. Mchana, karibu na dirisha, huhitaji hata tochi. Kama mdudu ni mweusi na karatasi ni nyeupe, gusa skrini juu ya mdudu alafu urekebishe mwanga mpaka uone viungo vyake.

Na kabla ya yote, panguza lenzi. Mafuta ya chipsi yamekaa hapo tangu Ijumaa.

Kumtuliza bila kumuua

Mdudu hana joto lake mwenyewe, anafuata joto la mahali ako. Akipata baridi anatulia. Kwa hivyo mfunike na kikombe, pitisha karatasi chini, mwingize kwa chupa yenye kifuniko, alafu weka chupa kwa friji dakika tano hivi. Si friza, hiyo itamuua. Akitoka uko na dakika moja ama mbili za picha kabla achangamke. Huna friji? Asubuhi mapema, hasa Julai Nairobi, hata mende wanatembea kama watu wa kazi ya Jumatatu.

Kwa kunguni na wengine wadogo wa kutambaa, selotepu ni mwisho. Mguse na upande wa gundi, ashikwe, alafu bandika selotepu kwa karatasi nyeupe. Sasa unaweza kumgeuza, kumpiga juu na chini, na hataingia kwa godoro tena. Weka rula kando yake, mistari ya milimita ionekane. Picha bila kipimo inadanganya. Kwa skrini, kadudu ka milimita mbili na mende wa sentimita nne wanatoshana.

Kumbuka: huyu wa rangi ya chungwa na nyeusi mwenye nitakuambia hapo chini, usimguse kabisa.

Sasa zumu: huyu ni nani?

*Kunguni.* Mtu mzima ana kama milimita tano, flati kama amekanyagwa, umbo la yai, rangi ya kahawia nyekundu. Hana mabawa, haruki wala kuruka juu kama kiroboto. Ndevu zake ni fupi. Akiwa ameshakunywa damu anafura na kurefuka. Watoto wake wakiwa bado hawajakula wanakaribia kuwa wa kuonekana ndani, wakikula wanakuwa tone jekundu. Pia piga picha ya alama zake: vidoti vyeusi kwa mishono ya godoro, pembe za kitanda na nyufa za ukuta. Pitisha tishu yenye maji hapo. Ikitoka na rangi ya kutu, hiyo ni damu iliyosagwa. Mayai ni meupe, milimita moja hivi, yamebandikwa. Habari njema ni kwamba kunguni hajulikani kusambaza ugonjwa kwa watu. Habari mbaya ni kwamba anaweza kukaa miezi bila kukula, na sehemu nyingi za dunia amezoea zile dawa za kupuliza za kawaida.

*Mtoto wa mende.* Huyu ndiye alikula godoro yangu. Ni wa kahawia, hana mabawa, anahepa mwanga, so ni rahisi kumchanganya na kunguni. Kwa picha tafuta vitu mbili: ndevu refu kama nywele, na vimkia viwili nyuma. Kunguni hana hizo mkia. Mende mdogo wa jikoni akiwa mkubwa ako na mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa na urefu wa kama sentimita moja na nusu. Yule mkubwa mwekundu wa choo, anafika sentimita nne, ni mwingine kabisa na makao yake ni mitaro. Ukijua ni yupi unajua pa kuanzia: mdogo anaishi nyuma ya friji na jiko lako, mkubwa anakam kutoka kwa bomba. Jike la yule mdogo hubeba kifuko cha mayai nyuma, na ndani kunakuwa na watoto 30 hadi 40. Ukinasa hiyo kwa picha, usingoje wikendi.

*Nairobi flai.* Jina ni la nzi lakini yeye si nzi, ni mbawakawa mwembamba wa milimita saba hadi kumi. Kichwa cheusi, kifua cha chungwa, katikati bluu inayong'aa, tumbo la chungwa na ncha nyeusi. Kwa picha ni mrembo kuliko wote. Kwa ngozi ni ngori. Haumi wala hachomi, lakini ukimponda anaachilia sumu inaitwa pederini, na kwa siku moja ama mbili unapata malengelenge kama umechomwa na mafuta. Wengi hutokea baada ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998, na hufuata taa usiku. Mpige picha akiwa kwa ukuta, kwa umbali, na zumu. Akikukalia, mpulize ama mwondoe na karatasi, usimpige kofi. Alafu osha hapo na sabuni na maji.

*Mbu.* Subiri atue kwa ukuta, mpige kutoka kando. Cheki anakaa aje. Kama ameinua matako juu, mwili umeinama kama roketi, huyo ni Anofelesi, familia ya malaria. Kama mwili uko sambamba na ukuta, ni wengine. Mwenye ana miguu ya mistari nyeusi na nyeupe na anauma mchana ni Aedesi, wa homa ya dengi na chikungunya, zenye watu wa Mombasa wanazijua vizuri. Na usifikirie malaria ni ya mashambani tu. Mwaka wa 2023 KEMRI ilitangaza kwamba Anofelesi stefensi, mbu kutoka Asia mwenye anazaana poa kwa matangi na mitungi ya mjini, amepatikana Marsabit. Kile kidumu cha maji bila kifuniko nje ya mlango wako, hebu kicheki.

*Kumbikumbi ama siafu wa mabawa?* Mvua ikinyesha na kitu chenye mabawa kitoke kwa fremu ya mlango, piga kiuno. Kiuno chembamba na ndevu zilizopinda kama kiwiko, huyo ni wa ukoo wa siafu na chungu. Kiuno kinene, ndevu za moja kwa moja na mabawa manne yanayotoshana, huyo ni kumbikumbi, na nyumbani kwao ni mchwa. Wa kwanza atakusumbua wiki moja. Wa pili wakitoka ndani ya mbao yako, mlango unaliwa tayari.

*Fukusi.* Kwa mchele ama mahindi, ukizumu uone pua ndefu kama mkonga wa ndovu, ni yeye. Haumi mtu. Cheki pakiti zote za karibu, maana huwa hayuko peke yake.

*Buibui mdogo wa kuruka.* Huyu usimpulize. Huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, kuna mmoja wa kuta za nyumba anaitwa Evarcha culicivora. Ana kama milimita tano tu. Watafiti waligundua anapenda kuwinda mbu wa kike wenye wameshiba damu, na hata huvutiwa na harufu ya soksi zilizovaliwa. Yaani hizo soksi zako ziko na shabiki mmoja duniani. Macho yake mawili makubwa ya mbele ndiyo picha rahisi zaidi utapiga, kwa sababu anageuka kukuangalia.

Programu zinasaidia, lakini si hakimu

Google Lens na Seek, ile ya watu wa iNaturalist, zitakupea jina ukiweka picha. Ziko fiti, lakini zinafuata picha. Ukizipea ukungu, zitakuonyesha mdudu wa Marekani mwenye hajawahi ona Thika Road. Weka picha tatu: juu, kando, na uso. Zikikupea jina moja kwa zote, uko karibu na ukweli. Zikikupea majina matatu, rudi upige tena.

Ukikwama, nchi hii haijakosa watu wa wadudu. ICIPE, kituo chenye Profesa Thomas Odhiambo alianzisha mwaka wa 1970, kiko hapa Kasarani na kazi yake ni wadudu. Makumbusho ya Taifa pia wana idara na mkusanyiko wa wadudu. Mtu kama huyo ukimpelekea picha safi na rula kando, hatakuuliza maswali ishirini.

Na ukishajua jina, ndio sasa unaenda dukani. Soma lebo: iwe imeandikwa mdudu wako, na iwe na namba ya usajili ya PCPB, bodi yenye inasimamia dawa za wadudu Kenya. Dawa ya shamba si ya kitanda. Ile ya chupa bila lebo yenye jamaa anauza kwa stage, waache nayo. Unalala hapo, unapumua hapo, na kama kuna mtoto, yeye ndiye anatambaa chini kabisa karibu na dawa. Kwa kunguni, shuka na nguo zioshwe na maji ya moto ya digrii 60, na ujue kupuliza rumu moja wakati ukuta ni wa wawili ni kupoteza doo.

Picha za lando

Hii ndio sehemu ilinilipa. Nilihama Zimmerman nikaenda ploti nyingine, sitaitaja. Miezi minne ndani, kunguni wakaja, saa hii wa ukweli. Nilikuwa na picha ya selotepu na rula, milimita tano, ndevu fupi, hakuna mkia. Nikaenda kwa keateka.

"Kijana, hapa hakukuwa na kunguni," akaniambia. "Hao umekuja nao. Utalipia dawa, na ukihama tutakata diposti."

"Mzee, naomba uangalie hii," nikamwambia.

Sababu ya ile godoro, siku ya kuingia nilikuwa nimejifunza. Kabla kitanda kipande ngazi, nilipiga keja ikiwa tupu: chumba chote kutoka mlangoni, alafu ukuta mmoja mmoja, alafu karibu kabisa kwa pembe na soketi. Kwa soketi ya ukuta wenye naushare na jirani kulikuwa na vidoti vyeusi. Siku ile sikujua ni nini, nilidhani ni uchafu wa rangi. Nikafungua picha kwa simu, nikamwonyesha tarehe. Alafu nikamwonyesha ya wiki hiyo: soketi ile ile, vidoti vile vile, vimeongezeka.

Keateka akaangalia, akazumu mwenyewe, akanyamaza. Mwisho akasema, "Wacha niongee na mwenyewe." Jirani wa upande wa pili, mama ana watoto wawili, akaona tunaongea akatoka akasema hata kwake wako, alikuwa anaona haya kusema. Hapo ndio nilielewa kitu. Kunguni wanasambaa kwa nyufa, lakini wanalindwa na aibu yetu. Kila mtu anapuliza kwake kimya kimya, na wao wanavuka tu ukuta.

Ilichukua wiki mbili na kusukumana, lakini rumu zote tatu za huo ukuta zikapigwa dawa siku moja, ikarudiwa baadaye kwa wale wameanguliwa. Diposti yangu haikuguswa.

So, form ya ushahidi ni hii:

1. Piga keja tupu siku ya kwanza, kabla ya godoro kuingia. Pembe, soketi, fremu za mlango, kabati, chini ya sinki.
2. Ukipata mdudu, piga picha tatu: ya mbali ionyeshe ni mahali gani, ya kati ionyeshe ukuta ama kitanda, na ya karibu na rula.
3. Usifute ile ya kwanza kwa simu. Ukituma WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa na tarehe ya ndani inapotea. Itume kama hati, itafika vile ilivyo.
4. Jitumie nakala kwa barua pepe siku hiyo hiyo. Simu za Nairobi tunazijua, leo uko nayo, kesho imeenda na mtu wa nduthi.
5. Ongea na majirani kabla ya kununua dawa. Waonyeshe picha. Utashangaa.

Kitu ya mwisho

Siku hizi sipigi picha ya shida tu. Kuna buibui wa kuruka kwa dirisha langu, nimempiga kama mara arobaini, na nikimtupia mathe picha anasema nitafute kazi. Lakini juzi yeye mwenyewe alinitumia picha kutoka home: mdudu wa kahawia kwa karatasi nyeupe, na rula kando. Hakuandika salamu. Aliandika tu, "Huyu ni kunguni ama nisitupe godoro?"

Nikazumu. Ndevu refu, vimkia viwili.

"Mathe, usitupe," nikamjibu. "Panguza jiko."